Pikipiki ikiyumba, kosa liko wapi? Kazi ya fremu na shokapu katika usalama wa bodaboda

Pikipiki imebeba abiria mmoja, na nyuma yake limefungwa gunia la mahindi. Inashuka mteremko, mwendo unaongezeka, na ghafla usukani unaanza kutikisika mikononi mwa dereva. Anaukaza kwa nguvu zake zote, lakini kadiri anavyopambana nao ndivyo mtikisiko unavyozidi. Waendesha pikipiki wengi katika ukanda wa Maziwa Makuu wamewahi kulipitia jambo hili au kulisikia likisimuliwa kijiweni na mwenzao aliyenusurika.

Mara nyingi lawama huangukia barabara mbovu, upepo au dereva mwenyewe. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya chombo: katika fremu inayounganisha magurudumu mawili, na katika springi na shokapu zinazoyaruhusu magurudumu hayo kupanda na kushuka. Sehemu hizi hazionekani kuwa na kazi kubwa kama injini au breki, lakini ndizo zinazoamua iwapo pikipiki itamtii dereva wake au itamkaidi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 walipoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba takriban mmoja kati ya kila watano miongoni mwao alikuwa akitumia chombo chenye injini cha magurudumu mawili au matatu. Mwendo wa kasi, ulevi na kutovaa kofia ngumu ni sababu zinazotajwa kila siku. Hali ya pikipiki yenyewe hutajwa kwa nadra, ingawa ni jambo ambalo dereva, mmiliki na fundi wanaweza kulishughulikia kabla ya safari kuanza.

Magurudumu mawili katika mstari mmoja

Kazi ya kwanza ya fremu ni kubeba injini, tangi, kiti na watu. Kazi ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni kuyaweka magurudumu mawili katika mstari mmoja. Mbele ya fremu kuna bomba fupi linaloitwa shingo, ambamo usukani na mikono miwili ya shokapu za mbele huzungukia. Nyuma kuna ekseli nene inayopita katika mkono wa nyuma, yaani kile chuma chenye pande mbili kinacholishika gurudumu la nyuma. Kila kitu kilicho kati ya shingo na ekseli hiyo kina jukumu la kuhakikisha kwamba gurudumu la nyuma linaifuata njia ya gurudumu la mbele.

Pikipiki inapokata kona, nguvu kubwa hupita katika fremu. Tairi la mbele linasukumwa upande mmoja na ardhi, uzito wa watu unavuta kwingine, na mnyororo unalivuta gurudumu la nyuma kuelekea injini. Fremu dhaifu hujisokota kama kitambaa kinachokamuliwa: shingo inaelekea huku, mkono wa nyuma kule. Magurudumu yakiacha kuwa katika mstari mmoja, hata kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, pikipiki huanza kujiendesha yenyewe. Dereva anarekebisha, fremu inajirudisha kama springi na kupitiliza upande wa pili, naye analazimika kurekebisha tena. Hapo ndipo kuyumba kunapozaliwa.

Usukani unaojirudisha wenyewe

Shingo ya pikipiki haikusimama wima. Imelala kidogo kuelekea nyuma, na mwinamo huo una sababu yake. Mtu akivuta mstari wa kufikirika kupitia katikati ya shingo hadi ardhini, mstari huo utagusa barabara mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Kwa pikipiki nyingi ndogo za abiria, umbali kati ya nukta hizo mbili hukaribia sentimita 9 au 10.

Umbali huo mdogo ndio unaoufanya usukani ujirudishe wenyewe katikati. Mfano wake uko katika vigurudumu vya mbele vya kitoroli cha dukani: kitoroli kinaposukumwa, kigurudumu hugeuka chenyewe na kufuata nyuma ya ekseli yake. Tairi la mbele la pikipiki hufanya vivyo hivyo. Likisukumwa pembeni na jiwe, hurudi katika mstari. Umbali huo ukipungua mno, usukani huwa mwepesi na wenye wasiwasi. Ukizidi mno, pikipiki huwa nzito kugeuza na huchelewa kuitikia.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba vipimo hivi vinabadilika kila mara springi zinapobonyea. Tuseme sehemu ya nyuma ya pikipiki yenye urefu wa sentimita 128 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma imeshuka kwa sentimita 6 kwa sababu ya mzigo. Chombo chote, pamoja na shingo yake, kitakuwa kimeinamia nyuma kwa zaidi ya digrii mbili na nusu, na ule umbali wa tairi utakuwa umeongezeka kwa zaidi ya sentimita moja. Kwa maneno mengine, dereva aliyepakia mzigo anaendesha pikipiki tofauti na ile aliyokuwa akiiendesha asubuhi ikiwa tupu, ingawa namba ya usajili ni ileile.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Katika mazungumzo ya kawaida, springi na shokapu huhesabiwa kuwa kitu kimoja kwa sababu hukaa pamoja. Kazi zao ni tofauti. Springi hubeba uzito na kulisukuma gurudumu lirudi chini baada ya kugonga tuta. Ikiachwa peke yake, ingeendelea kupanda na kushuka kama mtoto anayerukaruka juu ya godoro. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna oili inayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Nguvu ya mrusho hugeuka kuwa joto, na mwendo unakufa.

Lengo la mfumo huu linapita starehe ya makalio. Tairi lililoko hewani halishiki chochote: haliwezi kufunga breki, haliwezi kugeuza, haliwezi kusukuma. Katika barabara yenye mashimo, pikipiki ambayo shokapu zake zimekufa hutumia sehemu ya safari ikiwa na gurudumu lisilogusa ardhi barabara, ingawa dereva anahisi mtikisiko tu. Ndiyo maana breki zilezile, kwa mwendo uleule, zinaweza kukisimamisha chombo kimoja mahali panapostahili na kukiacha kingine kiteleze.

Mjini Goma kuna chombo kinachoweza kutumika kama ulinganisho: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na injini, inayosafirisha magunia mazito ya viazi na makaa. Haina shokapu, na mwili wake wa mbao ni mkakamavu. Inabeba mzigo mkubwa bila matatizo mengi kwa sababu haiendi kwa kasi ya injini. Ukakamavu peke yake unatosha kubeba. Mwendo unapoingia, chombo kinahitaji pia kujua kulegea.

Fundisho la mwaka 1950

Historia ya mashindano ya pikipiki inaonyesha wazi uzito wa jambo hili. Mwaka 1950 kampuni ya Norton ya Uingereza ilikuwa ikishindana na Gilera ya Italia. Injini ya Gilera ilikuwa na silinda nne. Ya Norton ilikuwa na silinda moja, ya muundo wa zamani na yenye nguvu ndogo. Kwa hesabu ya injini peke yake, Norton haikuwa na matumaini makubwa.

Msaada ulitoka Belfast, Ireland ya Kaskazini. Fundi Rex McCandless, akishirikiana na nduguye Cromie, alikuwa ametengeneza fremu mpya yenye mabomba mawili ya chuma yaliyoanzia shingoni, yakapita chini ya injini na kurudi juu, yakiizunguka kama fremu mbili za dirisha zilizosimama sambamba. Nyuma yake kulikuwa na mkono wenye shokapu mbili, muundo ambao leo unaonekana katika karibu kila bodaboda. Mwendeshaji Harold Daniell alipoijaribu, aliifananisha na kulala juu ya kitanda cha manyoya, na jina hilo, Featherbed, likabaki kuwa jina la fremu hiyo.

Mwezi Juni mwaka huo, katika mashindano ya Kisiwa cha Man, Norton ilichukua nafasi tatu za kwanza katika daraja la sentimita za ujazo 350, na tena nafasi tatu za kwanza katika daraja la 500. Mwaka uliofuata Geoff Duke akawa bingwa wa dunia wa madaraja yote mawili. Injini dhaifu zaidi ilikuwa imeshinda kwa sababu dereva aliweza kuiamini pikipiki yake katika kona.

Ukakamavu unapozidi

Kutokana na ushindi wa aina hiyo, watengenezaji walijifunza kwamba fremu kakamavu ni bora. Kwa miongo kadhaa walizidi kuziongezea nguvu: mabomba manene, kisha aluminiamu iliyotengenezwa kama mihimili miwili mipana. Hatimaye walifika mahali ambapo ukakamavu uligeuka kuwa tatizo.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu rahisi. Pikipiki iliyosimama wima inapogonga tuta, pigo linatoka chini kwenda juu, na shokapu zinabonyea katika mwelekeo huohuo. Pikipiki ya mashindano katika kona huweza kulala kwa digrii 60 kutoka wima. Katika hali hiyo shokapu nazo zimelala, na ni nusu tu ya pigo inayoelekea katika mstari wa shokapu. Sehemu kubwa zaidi huipiga pikipiki ubavuni, mahali ambapo haina springi yoyote. Kinachobaki kulimeza pigo hilo ni kunyumbuka kwa tairi, rimu, mikono ya shokapu za mbele na fremu yenyewe. Fremu isiyonyumbuka kabisa humrudishia dereva pigo lote, tairi linarukaruka, na mshiko unapotea bila onyo.

Kampuni ya Ducati ya Italia ilikutana na mjadala huu hadharani. Mwaka 2009 iliingia katika mashindano ya MotoGP ikiwa na muundo wa nyuzi za kaboni, kitu chepesi na kakamavu sana. Casey Stoner wa Australia alishinda mbio nayo. Lakini mwaka 2011 alipofika Valentino Rossi, bingwa wa dunia mara tisa, alilalamika kwamba hapati hisia ya kinachotendeka katika tairi la mbele. Kampuni hiyo ikaachana na kaboni na mwaka 2012 ikatumia fremu ya aluminiamu. Rossi alimaliza misimu yake miwili ya Ducati bila ushindi hata mmoja, kisha akarejea Yamaha. Sababu za kushindwa huko zilikuwa zaidi ya moja, lakini suala la fremu lilikuwa katikati ya mjadala wote.

Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakizungumzia kunyumbuka panapostahili. Fremu inatakiwa kuwa kakamavu pikipiki inapofunga breki, ili shingo isirudi nyuma, na inatakiwa isijisokote. Lakini ikisukumwa ubavuni inaruhusiwa kulegea kwa kiasi kilichopimwa.

Mzigo unapokaa nyuma ya ekseli

Bodaboda hailali digrii 60, na haina haja ya nyuzi za kaboni. Hata hivyo inakabiliwa na mtihani ambao pikipiki ya mashindano haiujui: mzigo.

Pikipiki nyingi za abiria katika ukanda huu ni za sentimita za ujazo kati ya 100 na 150, na uzito wake huwa karibu kilo 120. Dereva na abiria mmoja, kila mmoja akiwa na kilo 70, tayari wanaizidi pikipiki yenyewe kwa uzito. Abiria wa pili akipanda, watu wanakuwa na kilo 210, karibu mara mbili ya chombo kinachowabeba. Kwa kulinganisha, gari dogo la kilo 1,200 likijaa watu watano wa uzito huohuo huongezewa chini ya theluthi moja ya uzito wake. Hii ndiyo sababu mzigo hubadilisha tabia ya pikipiki kuliko unavyobadilisha tabia ya gari.

Mahali mzigo unapokaa pana uzito sawa na kiasi chake. Gunia la kilo 50 likifungwa kwenye karia, sentimita 30 nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, hufanya kazi kama mtu aliyekaa upande mmoja wa bembea ya ubao. Gurudumu la nyuma hubeba kilo zote 50 na nyingine 12 zaidi, na kilo hizo 12 zimeondolewa kwenye gurudumu la mbele. Gunia hilohilo likikaa juu ya kiti, mbele ya ekseli, gurudumu la mbele hupata sehemu yake ya uzito badala ya kunyang'anywa.

Hapo matatizo yote yaliyotajwa hukutana. Springi za nyuma zimebonyea hadi mwisho, kwa hiyo kila shimo linapigwa moja kwa moja na fremu. Shingo imeinamia nyuma. Tairi la mbele, ambalo ndilo linaloongoza na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, limepungukiwa na uzito wa kulikandamiza barabarani. Na nyuma kabisa kuna kilo 50 zinazoweza kuyumba kushoto na kulia kama mkia.

Mitikisiko miwili tofauti

Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza Robin Sharp alichapisha hesabu zilizoeleza jinsi pikipiki inavyopoteza utulivu. Miongoni mwa mitikisiko aliyoibainisha, miwili ndiyo inayowasumbua madereva zaidi.

Wa kwanza ni mtikisiko wa usukani. Sehemu ya mbele peke yake hutikisika kushoto na kulia kwa haraka, takriban mara 6 hadi 10 kwa sekunde, mara nyingi katika mwendo wa kati. Mbele ikiwa nyepesi, beringi za shingo zikiwa zimelegea au rimu ikiwa imepinda, mtikisiko huu hupata nafasi.

Wa pili ni kuyumba kwa chombo kizima. Huu ni wa polepole zaidi, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na huja katika mwendo wa kasi. Pikipiki yote husokota mwili wake kama nyoka, sehemu ya nyuma ikienda kinyume na ya mbele. Mzigo mzito nyuma ya ekseli, mkono wa nyuma uliolegea na shokapu zilizokufa huuchochea.

Hesabu za awali za Sharp zilichukulia kwamba fremu haipindi kabisa. Baadaye, kunyumbuka kwa fremu kulipoingizwa katika hesabu, matokeo yalikaribia zaidi yale ambayo madereva huyaona barabarani. Fremu, kwa hiyo, haiwezi kuondolewa katika maelezo ya kwa nini pikipiki hutulia au huyumba.

Ushauri unaotolewa kwa dereva aliyekumbwa na mtikisiko unakwenda kinyume na silika. Asipigane na usukani, kwa sababu mikono iliyokakamaa huulisha mtikisiko. Aushike imara lakini bila kulazimisha, apunguze mafuta taratibu, asifunge breki ghafla, na ausogeze mwili wake mbele na chini ili gurudumu la mbele lipate uzito. Mwendo ukishapungua, mtikisiko hupoteza nguvu.

Marekebisho ya gereji

Mafundi wa ukanda huu wamebuni njia nyingi za kuifanya pikipiki ibebe zaidi ya ilivyokusudiwa. Baadhi zinasaidia, nyingine zinahamisha tatizo kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Njia ya kawaida ni kuweka springi ngumu zaidi au kuongeza jozi ya pili ya shokapu nyuma. Sehemu ya nyuma haishuki tena kwa mzigo, na hilo ni jambo jema. Lakini springi ngumu ikiunganishwa na shokapu dhaifu hurusha kwa nguvu zaidi, na pikipiki ikiwa tupu gurudumu la nyuma huruka juu ya kila tuta. Mapigo ambayo springi imekataa kuyameza huenda kwenye fremu, spoki na uti wa mgongo wa dereva.

Njia nyingine ni kukaza pete ya kurekebisha springi iliyo kwenye shokapu za nyuma. Wengi huamini kwamba pete hiyo huifanya springi kuwa ngumu. Ukweli ni kwamba ugumu wa springi haubadiliki. Pete huibana kidogo kabla ya safari, ili sehemu ya nyuma ikae juu zaidi na kubaki na nafasi ya kubonyea. Ni chombo sahihi cha kukabiliana na mzigo, mradi dereva akumbuke kuirudisha mzigo unapoteremshwa.

Njia ya tatu, na yenye hatari kubwa zaidi, ni kuchomelea vyuma kwenye fremu. Joto la kuchomelea hubadilisha hali ya chuma kando ya mshono, na bomba jembamba linaweza kuwa dhaifu hapohapo. Zaidi ya hayo, chuma kigumu kinapoongezwa katikati ya fremu, kunyumbuka kulikokuwa kumesambaa katika bomba zima hulazimika kukusanyika mahali chuma kipya kinapoishia. Huko ndiko ufa huanzia. Karia imara iliyofungwa kwa bolti katika sehemu zilizokusudiwa ni salama kuliko karia iliyochomelewa karibu na shingo au karibu na ekseli ya mkono wa nyuma.

Ukaguzi wa dakika chache

Habari njema ni kwamba kasoro nyingi zinazoharibu utulivu hujionyesha mapema, na kuzigundua hakuhitaji mashine.

Shingo hukaguliwa pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya katikati. Mtu mmoja hukandamiza sehemu ya nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Mwingine hushika ncha za chini za shokapu za mbele na kuzivuta mbele na nyuma. Mgongo mdogo unaosikika au kuhisiwa shingoni ni ishara ya beringi zilizolegea. Kisha usukani huzungushwa taratibu kushoto na kulia. Ukikwama kidogo katikati kana kwamba una kituo chake, beringi zimekwisha.

Mkono wa nyuma hukaguliwa kwa kulishika gurudumu la nyuma na kulisukuma kushoto na kulia. Halitakiwi kucheza. Likicheza, tatizo liko katika beringi za gurudumu au katika bushi za mkono huo. Bushi ni kitu kidogo na cha bei nafuu, lakini zikilika, fremu imara kuliko zote duniani haiwezi kuyaweka magurudumu katika mstari mmoja.

Shokapu hujaribiwa kwa kukandamiza kiti kwa nguvu na kukiachia. Pikipiki inatakiwa kurudi juu mara moja na kutulia. Ikiendelea kupanda na kushuka, oili imepungua au imechoka. Alama za oili kwenye vyuma vinavyong'aa vya shokapu za mbele ni dalili nyingine, na ni hatari zaidi oili hiyo ikichuruzika hadi kwenye breki.

Fremu yenyewe hutazamwa baada ya kuoshwa, hasa shingoni na penye mishono. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au mchirizi wa kutu unaotoka mahali pasipo na bolti, huashiria ufa. Mwisho ni upepo wa matairi, ambao dereva wengi huukumbuka pancha inapotokea tu. Tairi ndilo springi ya kwanza kukutana na barabara. Likiwa na upepo mdogo kuliko kiwango cha mtengenezaji, hulegea ubavuni, na pikipiki huyumba kana kwamba fremu imekatika.

Nani anayelipa gharama

Kwa dereva anayekodi pikipiki na kupeleka hesabu kwa mmiliki kila jioni, siku moja gerejini ni siku isiyo na kipato. Kwa mmiliki, beringi za shingo zinaweza kusubiri wiki nyingine maadamu injini inawaka. Abiria hana njia ya kujua lolote kati ya hayo anapopanda. Mzigo wa tatu kwa safari moja unaonekana kuwa faida, na huenda safari mia zikapita salama kabla ya mteremko mmoja kuonyesha kile kilichokuwa kimelegea.

Hata hivyo abiria naye ana dalili anazoweza kuziona kabla ya kupanda: pikipiki iliyokaa nyuma chini mno kabla hata hajaketi, oili iliyochuruzika kwenye shokapu za mbele, au mzigo ulioning'inia mbali nyuma ya gurudumu. Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kusubiri nyingine. Dereva naye, anapofunga gunia, anaweza kulisogeza mbele kwa sentimita 20 au 30. Umbali huo haumgharimu kitu, nao huyarudishia magurudumu yote mawili uzito yanaouhitaji ili yashike barabara.